Sarafu Kuukuu Si Utajiri: Jifunze Kwanza Kusoma Kitabu cha Bei

Kuna matangazo yanayozunguka kwenye simu siku hizi, ya watu wanaodai kununua sarafu za zamani kwa malaki ya shilingi. Hapa Manyatta, Kisumu, ninapoishi, yameshaingia mpaka majikoni. Jirani yangu mmoja, mama muuza omena, alinijia na sarafu ya shilingi arubaini yenye picha ya Rais Kibaki. Ameahidiwa pesa nyingi, lakini kwanza atume elfu tatu za "usajili". "Baba Fatma," akaniuliza, "nitume?"

Nilimwambia asitume hata ndururu. Leo nataka kueleza sababu, kwa kuwa najua matangazo hayo hayo yamefika Mombasa, Malindi na Lamu, na huko kwetu masanduku ya wazee yana sarafu nyingi kuliko huku bara.

Bei ya sarafu si siri. Imeandikwa. Kuna majarida na vitabu vya bei vinavyotolewa kwa ajili ya wakusanyaji, na shida yetu ni kwamba wachache wetu tumewahi kuvifungua. Kinachojulikana zaidi duniani kinaitwa Standard Catalog of World Coins, kilichoanza kutoka mwaka 1972. Nyuma yake kuna Chester Krause, fundi seremala wa kijiji cha Iola, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1952 alianzisha gazeti la Numismatic News ili wakusanyaji wa vijijini, walioko mbali na maduka, wapate kuuziana kwa posta na kujua bei. Yaani chombo hiki kilianzishwa kwa ajili ya mtu aliye pembeni, asiye na wa kumuuliza. Mtu kama huyo jirani yangu. Uingereza nako kuna jarida la kila mwezi, Coin News. Na siku hizi upo mtandao wa Numista, ambao mtu anaweza kuutazama kwa simu yake bila malipo.

Sasa, vitabu hivi husomwaje?

Kwanza, tafuta jina sahihi la nchi. Shilingi yenye simba ya mwaka 1925 hutaiona chini ya Kenya. Iko chini ya East Africa, kwa sababu sarafu zile zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, zikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar. Sarafu za Kenya yenyewe zinaanza mwaka 1966, mwaka ilipoundwa Benki Kuu. Kila aina ya sarafu ina namba yake, na namba hizo huanza kwa herufi KM, yaani Krause na mwenzake Clifford Mishler.

Pili, tazama mwaka pamoja na herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei kwa herufi moja tu.

Tatu, tazama madini. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo moja tu. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Anayekwambia shilingi ya 1949 ni "fedha tupu" anakudanganya.

Nne, tazama hali. Hapa ndipo wengi hupotea. Kitabu hupanga bei kwa safu, kuanzia sarafu iliyosagika hadi ile ambayo haijapita mkononi mwa mtu. Kipimo kinachotumika sana ni cha alama 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Sarafu moja inaweza kuwa na bei ya chai na mandazi katika safu ya kwanza, na bei ya mbuzi katika safu ya mwisho. Sasa ile iliyozunguka sokoni miaka thelathini, watu huichukulia bei ya safu ya mwisho, wakajenga nyumba kichwani.

Na tano, ile bei ya kitabuni ni ya mwenye duka anapouza, tena kwa dola. Akinunua kwako atatoa pungufu, kwani naye yuataka faida. Huo si wizi, ni biashara.

Ukishayajua hayo utaona kwamba umri peke yake hauleti bei. Wengi wanayo senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja akaacha kiti, kwa hivyo watu hudhani sarafu yake ni lulu. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, na hata leo ni rahisi kupatikana. Riyali yenye sura ya Maria Theresa nayo ina mwaka 1780, lakini mwaka huo huo umeendelea kuandikwa kwenye riyali mpya mpaka zama zetu. Ukiiona usihesabu kuwa bibi yako aliiridhi kutoka karne ya kumi na nane.

Kinyume chake, zipo zinazodharauliwa na hali zina thamani. Florini ya 1920 ilidumu muda mfupi tu kabla ya shilingi kuchukua nafasi yake. Shilingi tano ya 1973 ya miaka kumi ya uhuru haipatikani ovyo kama arubaini ya 2003. Na kwetu Mwambao tunazo pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye mizani, za mwaka 1299 wa Hijria, na paisa ya Mombasa ya 1888 iliyotolewa na ile kampuni ya Kiingereza. Hizi ni historia yetu wenyewe, na nimeona zikiuzwa kwa kilo pamoja na masufuria mabovu.

Jambo jingine: usizisugue. Najua mkono wa Mpwani ukiona shaba nyeusi huenda moja kwa moja kwenye ndimu, ukwaju na jivu. Kwa sinia ni sawa. Kwa sarafu, kuing'arisha ni kuivunja bei, kwa sababu mkusanyaji anataka ile rangi ya miaka na hataki mikwaruzo.

Pia kuna sheria. Chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006, kitu cha kale cha kabla ya mwaka 1895 kilichomo ardhini ni mali ya serikali, na kukitoa nje ya nchi kwahitaji kibali. Sarafu ya sandukuni kwa babu si sawa na iliyochimbwa kwenye magofu. Ukiichimba, ipeleke kwa watu wa makavazi.

Kwa hivyo jibu la jirani yangu lilikuwa fupi. Arubaini ya Kibaki ni ukumbusho mzuri, lakini si malaki. Na mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi pesa. Anayetaka ada kabla hajaiona sarafu hana haja ya sarafu, ana haja ya elfu tatu zako.

Nawaomba hasa wenye wazee waliotangulia mbele ya haki. Kabla ya kugawa mirathi, zile sarafu za kwenye kopo zitoeni, mziandike moja moja: mwaka, herufi, hali. Kila moja itieni kwenye bahasha yake ya karatasi. Kisha zitafuteni kitabuni. Huenda zikawa za kununua sukari tu, huenda ikawemo moja ya kumsomesha mtoto muhula mzima. Lakini mkishazipima kwa kilo, hakuna mrithi atakayejua alichokosa.