Vitenzi vya Kunasa (Sehemu ya Tatu): "Snag" na Kisiki Kilichozamisha Meli

Juma lililopita tulimalizana na "stuck", hali ya gari lililozama kwenye tope, haliendi mbele wala nyuma. Leo ni zamu ya "snag". Kamusi nyingi hukitafsiri kitenzi hiki kwa neno moja, kunasa, kisha zikanyamaza. Tafsiri ni sahihi, ila inamwacha msomaji njiani.

Pasipo na ncha hakuna "snag". Shati linapita karibu na msumari uliochomoza mlangoni. Uzi mmoja unashikwa, unavutika, kitambaa kinajikunja na kubaki na kitanzi kidogo cha uzi. Kule kushikwa ni "snag", na kile kitanzi nacho huitwa "snag". Ndoana ya mvuvi ikishika mwamba chini ya maji ni mambo hayohayo. Gari kwenye tope, la.

Kwenye sarufi ndiko wengi huteleza. Mwambie mwanafunzi aseme shati limenasa kwenye msumari, utasikia "My shirt was snagged by a nail". Si kosa la kufukuzwa darasani, lakini Mwingereza akiwa kwake atasema "My shirt snagged on a nail", bila kauli ya kutendwa, na kwa "on" badala ya "by". Au atajibebesha lawama mwenyewe: "I snagged my shirt on a nail". Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Twasema ulimbo umenasa ndege, na twasema ndege amenasa kwenye ulimbo. Kitenzi ni kilekile, mwenye kunasa na mwenye kunaswa wamebadilishana nafasi tu. Umbo hilo tunalo tayari, kisha tunaliacha na kwenda kuhangaika na "was".

Neno lenyewe lilianza kama nomino: kisiki, au tawi lililovunjika likabaki na ncha. Lilivuma Marekani katika karne ya 19, enzi za meli za mvuke. Mito ya Mississippi na Missouri ilimomonyoa kingo zake na kuangusha miti mizima. Mizizi ilizama kwenye tope, shina likabaki limeinama majini, ncha isionekane. Tarehe 5 Septemba 1856 meli iitwayo Arabia ilitobolewa na gogo la mjozi mtoni Missouri, karibu na Kansas City, ikazama kwa dakika chache. Abiria wote waliokoka. Aliyekufa ni nyumbu mmoja aliyekuwa amefungwa melini. Ilianza kufukuliwa mwaka 1988 chini ya shamba la mahindi, kwani mto ulishahama zamani. Kung'oa visiki hivyo kulikuwa na meli zake maalumu. Heliopolis ya Henry Shreve ilianza kazi mwaka 1829, na watu wakazitania meli za aina hiyo kuwa ni wang'oa meno wa Mjomba Sam, yaani serikali ya Marekani.

Huko ndiko ilikotoka "hit a snag", kugonga kisiki, ambayo magazeti ya Kiingereza ya kwetu yameichosha. Siku hizi maana yake ni kikwazo kidogo kisichotarajiwa. Mazungumzo yaliyovunjika kabisa hayakugonga kisiki chochote; yamekufa, na mhariri aseme hivyo. Uingereza, "snagging" ni ukaguzi wa nyumba mpya: mlango usiofunga vizuri, rangi iliyochuruzika, kigae kilicholegea.

Wamarekani nao wamekigeuza. "She snagged a ticket" ni kusema amepata tiketi upesi, pengine wengine wakiwa bado wanahangaika. Mtaani tungesema ameidaka. Hapo anayenasa ni mtu, msumari haupo tena. Kitumie na rafiki. Kwenye barua ya kuomba kazi andika "obtained".

Katika tahajia, g huwa mbili: "snagged", "snagging". Juma lijalo ni "entangle", ambacho hakihitaji ncha bali kamba, wavu au nywele ndefu.