Istilahi za Maji na Kifusi katika Machimbo ya Makaa ya Mawe

Katika makala haya tunakusudia kueleza baadhi ya istilahi zinazohitajika katika kazi ya kuongoza maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko kwenye mabaki ya machimbo ya makaa ya mawe. Haja ya istilahi hizo ipo nchini mwetu, kwani makaa ya mawe huchimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, katika nchi ya milima na mvua nyingi. Mhandisi, msimamizi na mwanakijiji aishiye bondeni hawana budi kuelewana.

Mabaki ya machimbo ni udongo, mawe na vumbi la makaa. Wengine huyaita takataka. Neno hilo tunaliona halifai, kwa kuwa takataka hutupwa na kusahauliwa, hali mabaki haya yahitaji kutunzwa hata baada ya machimbo kufungwa. Tunapendekeza "kifusi", na penye kurundikwa, "lundo la kifusi". Lisiitwe kilima. Kilima kimeshindiliwa na kushikwa na mizizi kwa muda mrefu. Lundo limelegea, na maji huliingia upesi.

Kuhusu maji, inafaa kutenganisha aina tatu. "Maji ya mtiririko" ni yale ya mvua yapitayo juu ya ardhi bila kuzama. "Maji ya kupenya" ni yale yazamayo ndani ya lundo. "Maji ya chemchemi" ni yale yatokayo chini yake. Tofauti hii si ya maneno matupu. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, Wales, lundo la kifusi lililokuwa limerundikwa juu ya chemchemi lililoweshwa na maji, likaporomoka na kuifunika shule. Watu 144 walikufa, na kati yao 116 walikuwa watoto. Kwa hiyo agizo lisemalo tu "ondoa maji" halitoshi. Lazima litaje ni maji yapi.

Mmomonyoko nao una hatua zake. "Mmomonyoko wa tabaka" huondoa ngozi nyembamba ya udongo mahali pote kwa pamoja, wala hauonekani kwa urahisi. Maji yakikusanyika huchimba mikondo midogo, nao huo ni "mmomonyoko wa vijifereji". Vijifereji vikiachwa hupanuka na kuwa "makorongo", ambayo kuyaziba ni kazi kubwa na ya gharama. Neno korongo limekwisha kuzoeleka katika hifadhi ya udongo, hasa huko Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza kazi mwaka 1973. Hakuna sababu ya kuunda jingine.

Katika kuzuia, kanuni ya kwanza ni kuyaepusha maji safi yasikutane na kifusi. Mfereji uchimbwao upande wa juu wa lundo ili kuyapitisha pembeni huitwa "kingamaji", neno ambalo wakulima wanalo tayari. Mteremko wa lundo hukatwa "ngazi" ili mbio za maji zipungue, kifusi hushindiliwa, kisha hufunikwa kwa udongo wenye rutuba na kupandwa nyasi.

Maji yaliyokwisha kupita juu ya kifusi huongozwa kwenye "bwawa la mashapo". Mashapo, kama yale ya kahawa katika kikombe, ni kile kinachozama maji yanapotulia. Tusiyachanganye na tope: tope huingia bwawani, mashapo hubaki chini, na ni lazima yazolewe kabla bwawa halijajaa. Ukuta wa bwawa ni "tuta", na njia ya kupitishia maji yanapozidi ni "utoro". Huko Buffalo Creek, West Virginia, Marekani, kifusi cha makaa kilitumiwa kuwa tuta la kuzuia maji, bila utoro wa kutosha. Mvua zilipozidi, tuta lilibomoka tarehe 26 Februari 1972, na watu 125 wakafa. Lundo ni la kuweka kifusi; tuta ni la kuzuia maji, nalo hujengwa kwa vipimo vyake. Kimoja kisiitwe kwa jina la kingine.

Yafaa pia kutahadhari katika kuazima. Wamatengo wa Mbinga wana "ngoro", mashimo ya kilimo yanayokamata maji mlimani na kuyafanya yazame taratibu. Ni ufundi mzuri wa shamba. Lakini katika lundo la kifusi kuzama kwa maji ndiko kunakoogopwa: huongeza uzito, hulegeza mteremko, na penye mchanganyiko wa chuma na salfa, maji pamoja na hewa huzalisha asidi inayoharibu mito. Kwa hiyo ngoro libaki na maana yake ya shambani, wala lisitumiwe kwa ngazi za lundo.

Istilahi nyingi tulizozitaja zimetoka shambani, jikoni na mabwawani, wala hazikuhitaji kubuniwa. Kilichohitajika ni kuziwekea mipaka. Tunawaomba wasomaji wanaofanya kazi machimboni watuletee maneno wanayoyatumia, ili yalinganishwe na haya kabla ya kusanifiwa. Agizo la usalama lenye neno la maana mbili ni hatari kwa wanaoishi chini ya lundo.