Kijiji cha Wapolandi Chini ya Mlima Meru

Akaaye Magogoni huzitazama meli zikipita lango la bandari kila siku, wala hashangai. Lakini katika mwaka wa 1942, vita vikuu vilipokuwa vimepamba moto, bandari za pwani yetu zilianza kupokea abiria ambao hawakuzoeleka: Wazungu mafukara, wengi wao wanawake na watoto, waliodhoofika kwa njaa na maradhi. Hao walikuwa Wapolandi, na habari ya kijiji chao cha Tengeru yastahili kujulikana majumbani mwetu.

Mwezi wa Septemba 1939 Ujerumani na Urusi ziligawana nchi yao. Katika miaka ya 1940 na 1941 Warusi waliwatoa watu kwa mamia ya maelfu majumbani mwao, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan katika mabehewa ya mizigo. Wengi walifia huko. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka wa 1941, waliosalia waliahidiwa kuachiliwa, na mwaka uliofuata zaidi ya watu laki moja wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Uajemi. Nchi hiyo ya Kiislamu yenyewe ilikuwa imekaliwa na majeshi ya kigeni, na chakula kilikuwa haba. Hata hivyo wageni walipewa hifadhi, na mji wa Isfahan ulikaribisha watoto kwa maelfu, wengi wao mayatima. Kutoka huko Waingereza wakawaleta baadhi yao Afrika.

Tengeru ipo mashariki ya Arusha, yapata kilomita 13, kando ya njia iendayo Moshi, katika nchi ya Wameru. Udongo wake ni wa volkano, mzuri kwa migomba na kahawa. Maji hushuka kutoka mlimani, na karibu yake limo Ziwa Duluti, dogo, ndani ya shimo la volkano ya kale. Hapo vilijengwa vibanda vya duara, vilivyoezekwa kwa nyasi, wakakaa watu wapatao 5,000. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali, shamba na karakana. Wanaume wengi walikuwa vitani, basi kazi za kijiji zilikuwa mikononi mwa akina mama.

Vita vikaisha, nao wakawa hawana pa kurudi. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, wakubwa watatu walikubaliana kwamba mashariki ya Poland, walikotoka wengi wao, iwe ya Urusi. Wakatawanyika Uingereza, Australia, Kanada na kwingineko, na kufikia mwaka wa 1952 kambi ilikuwa imefungwa.

Na hapa pana jambo lisilofaa kupitwa. Serikali ile ile iliyowapa hifadhi wageni waliong'olewa kwao, mwaka wa 1951 iliwang'oa Wameru wapatao 3,000 katika Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka wa 1952 kuwashtakia Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudishwa wakati ule.

Vibanda vya Tengeru havipo tena. Pamebaki makaburi yapatayo 150, ya Wakatoliki, Waorthodoksi na Mayahudi, yenye majina ya Kipolandi, na wajukuu wa waliokaa pale huja kutoka ng'ambo kuyatafuta.