Kinachomeza sauti za wazee katika rekodi

LUGHA ya Waogiek, jamii inayoishi katika msitu wa Mau, Kaunti ya Nakuru, imo hatarini kutoweka. Kwa hivyo, kila wimbo wa mzee unaorekodiwa Mariashoni au Nessuit ni hazina. Lakini chombo chenyewe cha kurekodia chaweza kuiharibu.

Simu nyingi na vinasa sauti vya bei nafuu hurekebisha kiwango cha sauti bila kuamriwa. Mzee akinong'ona, chombo huongeza; makofi na vigelegele vikizuka, hupunguza ghafla ili sauti isipasuke. Tatizo ni kwamba hakirejei hapo kilipokuwa papo hapo. Maneno yanayofuata makofi husikika kwa mbali, na mzee anaponyamaza, uvumi wa upepo hupanda polepole kana kwamba rekodi inapumua.

Kasoro iyo hiyo huzuka studioni, sauti zinapochanganywa kwa kompyuta. Kidhibiti kikiwekewa mchanganyiko wote, kila pigo la ngoma huivuta chini sauti ya mwimbaji. Dawa ni kuidhibiti kila sauti peke yake.

Wakati wa kurekodi, yafaa kuzima urekebishaji huo, kuomba makofi ya nguvu kwa majaribio, kisha kuweka kiwango kwa mkono, vilele vikibaki desibeli 12 hivi chini ya ukomo. Vinasa vya biti 24 vina nafasi ya kutosha kwa hilo. Sauti hafifu huweza kuongezwa baadaye. Neno lililomezwa ni vigumu kulirejesha.