Mashabiki, Hoteli na Daftari la Mweka Hazina

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye kongamano letu la mashabiki hapa Minnesota hupiga hesabu ileile. Anatazama ukumbi uliofurika: vijana waliovaa kama wahusika wa katuni za Kijapani, wazee wenye fulana za filamu za anga za juu, mmoja amejifunga mabawa ya kadibodi hata lifti haimpitishi. Anahesabu vichwa, anazidisha kwa bei ya beji, kisha ananigeukia na kusema, "Mama, wenye shughuli hii watakuwa wametajirika." Wenye shughuli ni sisi. Mimi ndiye mweka hazina, mshahara sina, na beji niliyovaa nimeilipia.

Kazi inayonilisha ni uhasibu. Huku kwa mashabiki niliingizwa na binti yangu, aliyekuwa akishona mavazi ya wahusika sebuleni mpaka tukawa tunakanyaga pini. Kamati yao ilikuwa na wachoraji, waigizaji na watu wanaoweza kukueleza nasaba ya kila jini wa kubuni, ila hakuna aliyetaka kushika daftari. Nikalishika. Bunilizi za kisayansi ninasoma kidogo tu. Mikataba ya hoteli nimeisoma hadi ninaiota.

Shirika letu ni lisilo la faida, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Wanadhani mwisho wa mwaka lazima tubaki na sifuri. Sivyo. Sheria ya kodi ya Marekani, kifungu cha 501(c)(3), haikatazi shirika kubaki na ziada. Inakataza ziada hiyo kuingia mifukoni mwa wanaoliongoza. Mtu akiajiriwa anaweza kulipwa mshahara wa haki. Mjumbe wa bodi hawezi kugawiwa "chake" kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri, na siku shirika likivunjwa, kilichosalia kinakwenda kwenye shughuli nyingine ya hisani au elimu, si kwa waanzilishi. Kila mwaka tunawasilisha fomu ya familia ya 990 kwa mamlaka ya kodi. Shirika dogo, ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000, hujaza ile fupi ya mtandaoni. Likikua, kurasa nazo zinakua. Usipowasilisha miaka 3 mfululizo, hadhi yako inafutika yenyewe, wala hakuna wa kumlilia.

Fomu hizo ziko wazi kwa umma. Yeyote anaweza kusoma za San Diego Comic-Con, kongamano linalokusanya zaidi ya watu 130,000, nalo pia ni shirika lisilo la faida. Lilianzia pa kawaida kabisa: Machi 1970 mashabiki wa vitabu vya katuni walifanya kikao cha siku moja katika hoteli ya U.S. Grant ili wachangishe fedha za kongamano la siku tatu la mwezi Agosti, lililohudhuriwa na watu wapatao 300. Huo mpangilio ninaupenda. Kwanza ukatafutwa mtaji, ndipo ikaja sherehe.

Kuna faida nyingine ya hadhi hii ambayo haionekani kwenye ukumbi. Sheria za kazi haziruhusu kampuni ya biashara kuwafanyisha watu kazi za bure. Shirika la hisani linaruhusiwa kupokea wanaojitolea. Yule anayekagua beji mlangoni, anayebeba viti usiku wa manane, anayemtuliza mtoto aliyepotea: wangelipwa wote kwa saa, hakuna bei ya beji ambayo ingetosha.

Sasa twende hotelini, maana pesa za kongamano zinapatikana na kupotea huko. Aliyewahi kukaa kamati ya harusi Dar es Salaam anajua kwamba ukumbi ndio unaomeza michango. Sisi ukumbi tunaweza kupewa bure, au kwa bei ya kutupa, kwa sharti moja: wageni wetu walale pale. Hoteli haiuzi ukumbi, inauza vitanda. Kwa hiyo mwaka mmoja au miwili kabla, tunatia saini mkataba wa fungu la vyumba, na kwenye mkataba huo kuna kifungu ambacho mimi hukisoma kwanza kabla hata ya tarehe: tusipojaza asilimia fulani ya fungu, tunalipa pengo.

Chukua mfano. Mmeahidi vyumba 200 kwa usiku mbili, yaani malazi 400. Mkataba unadai asilimia 80, yaani 320. Mashabiki wakalala 270. Yamepungua malazi 50. Kila moja ni dola 150. Mnadaiwa dola 7,500, na kongamano lenyewe lilikuwa zuri, watu wamecheka, wamepiga picha, wamekwenda zao. Wapi walilala wengine? Kwenye nyumba za kupanga za bei nafuu mtaa wa pili, au kwenye hoteli hiihii, ila walichukua chumba kupitia tovuti ya punguzo, kwa hiyo jina lao halikuandikwa kwenye fungu letu.

Hao wa mwisho ndio ninaowawinda. Kwenye mkataba tuliweka kipengele cha kulinganisha orodha. Jumamosi usiku, ngoma za dansi zikigonga chini ya sakafu, ninakaa na meneja wa mauzo wa hoteli. Mimi nina orodha ya waliojiandikisha, yeye ana orodha ya waliolala, kila mmoja na kalamu yake. Ninamtajia jina la ukoo, anatafuta, ananiambia "yupo" au "hayupo", bila kunionyesha skrini. Kila "yupo" ambaye hakuwa kwenye fungu anahesabiwa upande wetu. Kuna watu wanaokwenda kongamano kumwona mwigizaji wao; mimi furaha yangu ni kusikia "yupo" mara kadhaa mfululizo.

Kufikia lengo kuna tuzo pia. Desturi ya hoteli nyingi ni kutoa chumba kimoja bure kwa kila 50 vilivyouzwa, na humo tunamlaza mgeni wa heshima. Lakini hoteli hiyohiyo itakuuzia galoni moja ya kahawa kwa zaidi ya dola 80, kabla ya ada ya huduma na kodi. Galoni ni vikombe 16. Ndiyo maana tunapigania kwa meno ruhusa ya kuwa na chumba chetu cha ukarimu, ambako shabiki anapata bisi, soda na mkate wenye siagi ya karanga bila kulipa. Mkataba ukinyima chumba hicho, mwanafunzi aliyetumia senti yake ya mwisho kwenye beji atashinda njaa siku tatu.

Ukitaka kuona kongamano likifa kwa hesabu, soma habari za DashCon, lililofanyika Schaumburg, Illinois, Julai 2014. Ijumaa jioni, shughuli ikiendelea, waandaaji walitangaza kwamba hoteli inahitaji dola 17,000 usiku uleule. Mashabiki, wengi wao vijana wadogo, wakachangishana hapohapo, na pesa zikapatikana. Baadaye waigizaji wa kipindi cha Welcome to Night Vale wakaondoka bila kupanda jukwaani kwa kuwa hawakulipwa walichoahidiwa, na waliokuwa wamelipia viti vya mbele wakafidiwa, pamoja na mengine, saa moja ya ziada kwenye kijibwawa cha mipira ya plastiki. Watu bado wanakicheka kile kijibwawa. Mimi sicheki sana, kwa kuwa ninajua jinsi kamati inavyofika pale: inauza beji mapema, inazitumia fedha zile kana kwamba ni zake, halafu inatumaini mlango utajaza pengo. Beji iliyouzwa Januari kwa kongamano la Julai ni deni mpaka Julai ifike.

Mwaka 2020 ulitufundisha hilo kwa viboko. San Diego ilighairi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hoteli nyingi zilikataa kuachia mikataba hadi serikali ipige marufuku mikusanyiko, kwani ukighairi mwenyewe unalipa, ukikatazwa hulipi. Kamati zilizokuwa na akiba zilirudisha fedha za waliotaka, nyingine zikawaomba watu wahamishie beji zao mwaka unaofuata.

Kuna njia nyingine ya kuendesha mambo, ya Worldcon, kongamano la bunilizi za kisayansi lililoanza New York mwaka 1939. Hilo halina ofisi ya kudumu. Kila mwaka huandaliwa na shirika jipya la mji uliopigiwa kura na wanachama: Helsinki 2017, Chengdu 2023, Glasgow 2024. Hununui tiketi, unanunua uanachama, na uanachama unakupa kura ya tuzo za Hugo. Mfumo huo una mitego yake. Glasgow ilibidi ifute kura 377 ilizoamini zimenunuliwa kwa majina bandia. Lakini ziada hairundikwi mahali pamoja: kwa desturi iliyozoeleka, wenyeji hupitisha angalau nusu ya walichobakiza kwa makongamano yanayofuata yaliyoahidi kufanya hivyohivyo. Hadi sasa halijafika Afrika, ingawa wapenzi wa bunilizi waliingiza Kigali kwenye kinyang'anyiro cha mwaka 2028.

Mpwa wangu aliyeko Sinza alinipigia hivi karibuni. Yeye na wenzake wanataka kuanzisha kongamano la anime.

"Shikamoo shangazi. Tumeshapata jina na nembo."

"Marahaba. Mmepata ukumbi?"

"Tunaongea na msanii mmoja mkubwa kwanza, shangazi, ili watu waje."

Nikamwuliza msanii anataka kiasi gani. Anataka nusu kabla. Huku kwetu waigizaji wa filamu hudai kiwango cha uhakika: saini zao zisipouzwa kufikia hapo, kamati inaongezea, na makongamano madogo mengi yamefia hapo. Waandishi wa bunilizi kwa jadi huja kwa nauli, chumba na posho tu, wakakaa na watu siku tatu. Nimemshauri aanze na mchoraji wa pale pale Dar, siku moja, ukumbi wa shule wakati wa likizo, na meza za wauzaji zilipiwe kabla ya siku yenyewe. Akaunti iwe ya kikundi, yenye saini mbili, na mmoja wa watia saini asiwe rafiki yake. Amekubali yote isipokuwa hilo la mwisho, tunaendelea kubishana.