Rubani Hodari Ni Yule Ajuaye Kurudi

Eropleni ndogo ipitapo juu ya vilima vya Ikonge, katika nchi ya Nyamira, watoto hutoka mbio kuitazama mpaka ipotelee mawinguni. Wengi husema moyoni, "Nami nitakuwa rubani." Nia hiyo ni njema, wala si ndoto ya bure. Lakini watu wengi hudhani kwamba rubani hodari ni mtu asiyeogopa kitu. Sivyo. Rubani hodari ni yule ajuaye wakati wa kuruka, wakati wa kungoja, na wakati wa kurudi.

Mafundisho ya urubani si jambo geni katika Kenya. Chama cha marubani kiitwacho Aero Club of East Africa kilianzishwa mwaka 1927, na mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways huko Nairobi. Uwanja wa Nairobi West ulipewa jina lake mwaka 1962, na hata leo wanafunzi wengi hujifunza pale. Katika miaka ile ya kwanza kazi hiyo ilikuwa ya Wazungu karibu peke yao. Mambo yalibadilika, na mwaka 1971 chuo cha urubani cha Afrika Mashariki kilifunguliwa Soroti, Uganda.

Atakaye cheti cha rubani wa eropleni ndogo yapasa awe ametimiza miaka 17, apimwe na daktari, ashinde mitihani, na awe ameruka saa zisizopungua 40. Katika hizo, saa 10 huruka peke yake, mwalimu akiwa chini.

KAZI HUANZA CHINI

Kabla ya kuwasha injini, mwanafunzi huizunguka eropleni akiikagua kwa macho na mikono. Hutoa petroli kidogo chini ya tangi na kuitia katika kikombe kinachoonyesha ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini. Yakionekana, humwagwa na petroli hupimwa tena, maana injini hainywi maji. Hutazama pia kijibomba kinachopima mwendo wa eropleni, kwa kuwa nyigu hupenda kujenga humo. Tope la mdudu mdogo laweza kumfanya rubani asijue mwendo wake.

BAWA NDILO LIBEBALO

Eropleni hubebwa na hewa ipitayo juu na chini ya mabawa; kazi ya injini ni kuisukuma mbele. Mtu atoaye kiganja dirishani mwa gari liendalo mbio huona kwamba akikiinua kidogo upande wa mbele, upepo hukipandisha. Lakini bawa likiinuliwa mno, hewa huacha kulifuata vizuri, nalo hushindwa kubeba, hata kama injini yanguruma sawasawa. Hapo hofu humwambia mtu avute usukani ili apande. Akifanya hivyo, huzidisha hatari. Dawa ni kushusha pua ya eropleni kwanza, bawa lipate hewa tena. Mwanafunzi hurudia zoezi hili juu sana, mara nyingi, mpaka mkono wake utii maarifa badala ya hofu.

Vivyo hivyo injini ikizimika. Eropleni ndogo haianguki kama jiwe. Kwa kila futi 1,000 za kimo yaweza kuteleza hewani zaidi ya maili moja. Lakini katika nchi kama Ikonge, yenye mabonde, miti na mashamba madogo madogo, mahali tambarare ni pachache. Kwa hiyo rubani huchagua mahali pa kutua injini ikiwa bado nzima.

HEWA YA MILIMANI

Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, nayo milima ya Kisii na Nyamira ni mirefu vilevile. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sehemu kama 15 katika kila 100. Joto huzidisha wepesi huo: mchana wa digrii 25 pale Wilson, eropleni huruka kana kwamba iko futi 8,000. Huweza kuhitaji kukimbia chini karibu mara mbili ya ilivyo pwani kabla ya kupaa, na hupanda polepole. Hivyo rubani hupima mizigo na abiria, hupiga hesabu ya urefu wa uwanja, na hupenda kuondoka asubuhi.

MAWINGU YA ALASIRI

Wakulima wa chai wa Nyamira wajua kwamba asubuhi kweupe haizuii mvua ya alasiri. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda vilimani, mawingu makubwa hujengeka, na radi hupiga, pengine pamoja na mvua ya mawe.

Rubani atokaye Nairobi kwenda kiwanja kidogo cha Suneka, karibu na mji wa Kisii, huvuka Bonde la Ufa na miinuko ya Mau. Labda nyumbani harusi yamngoja. Mbele aona mawingu yamefunika vilima. Akiingia humo bila kufundishwa kuruka kwa vipimo peke yake, hatajua juu wala chini, maana maji yaliyomo ndani ya sikio, ambayo kwa kawaida humwambia mtu kama yu wima, humdanganya. Hudhani aenda sawa, kumbe azunguka akishuka. Wengi duniani wamekufa hivyo, na eropleni zao hazikuwa na kasoro. Afadhali ageuke mapema, alale Nairobi, na harusi aikose. Atakaowakosa leo atawaona kesho.

Kijana wa Ikonge aweza kuanza sasa, kabla ya kuwa na fedha za chuo. Na ajifunze kwa bidii hesabu, jiografia na Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya redio ya marubani. Tena kila siku atazame mawingu yakikua upande wa ziwa, na ajizoeze kukadiria saa ya mvua.