Ngazi za Michenzani Nazo ni Kiwanja

Kila Januari 1, jua halijakolea, barabara za mji wa Zanzibar hujaa mchakamchaka. Vikundi vya mazoezi, kila kimoja na fulana zake, hutoka kuukaribisha mwaka kwa jasho. Siku hiyo kila mtu ni mwanamichezo. Kazi ipo Januari 2: nani ataendelea, na kwa zoezi lipi?

Sehemu ya jibu ilipatikana ndani ya mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi, tena kwa kuchelewa. Je, huenda wanene ndio waliokimbilia udereva? Morris akachungulia vipimo vya sare zao. Kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Lakini hata walipolinganishwa wembamba kwa wembamba, kondakta alibaki na nafuu.

Basi anayeishi juu kabisa ya majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, au katika nyumba ya Mji Mkongwe yenye ngazi zilizosimama wima, kiwanja anacho mlangoni. Kila hatua ya kupanda, mapaja hunyanyua mwili mzima. Msuli unaojikaza hufyonza sukari ya damu hata pale homoni ya insulini inapofanya kazi kwa shida. Moyo nao, ukishazoeshwa, husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja.

Hata hivyo, ngazi peke yake hazitoshi. Mwili unadai vitu vinne: pumzi, nguvu, mifupa imara na uwezo wa kusimama bila kuyumba. Vijana wanaojirusha baharini Forodhani jioni na kuogelea wanajenga pumzi bila kuyatesa magoti. Ila maji huubeba mwili, na mfupa usiobeba uzito haukomai sana. Mfupa hutaka mshindo: kuruka kamba, kukimbia, kucheza mpira. Akiba yake huwekwa hadi karibu umri wa miaka 30, kisha mtu huanza kuila. Msichana anayeambiwa aache kuruka kamba kwa kuwa "ameshakua" ananyimwa akiba ya uzeeni, na wanawake ndio wanaopoteza mfupa kwa kasi hedhi inapokoma.

Misuli nayo hupungua kidogo kidogo tangu ujana unapopita. Kinga yake ni kuitwisha mzigo: kubeba ndoo, kusukuma ukuta kwa mikono, kuketi kitini na kuinuka bila kushika kitu. Ama kutoyumba, mtazame mzee anayerukuu, akasujudu, akainuka bila kuegemea ukuta. Sala ni ibada, haisaliwi kwa ajili ya magoti. Lakini magoti yanayokwenda chini na kurudi kila siku hayasahau njia.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyake: mtoto wa miaka 5 hadi 17, dakika 60 kwa siku; mtu mzima, dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kujenga misuli. Aliyefika miaka 65 aongeze siku tatu za mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba. Wastani ni upi? Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umefika. Ukiimba kasida nzima, ongeza mwendo.

Morris mwenyewe alifariki 2009 akiwa na miaka 99, na mazoezi hakuyaacha hata alipopita 90. Mwenye maradhi ya moyo, au anayebanwa na kifua akitembea, amuone daktari kwanza. Wewe mwingine, ukimaliza kusoma hapa, inuka kitini bila kushika kitu. Ikikushinda, umeshajua pa kuanzia.